Kizuri Chajiuza, Mtu Je?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndugu msomaji, tazama kwamba methali hiyo imesemwa katika ngeli ya vitu. Haikusema mzuri hujiuza, wala mbaya hujitembeza, kwa maana katika Kiswahili binadamu akiambiwa kuwa anajiuza, hiyo ni aibu kwake na kwa waliomzaa. Lakini siku hizi kijana anayetafuta kazi hufundishwa, tena ukumbini mbele ya watu wazima, kwamba ni lazima ajue kujiuza. Huambiwa kuwa yeye ni chapa, elimu yake ni bidhaa na marafiki zake ni mtaji. Wala hakuna anayeguna.

Sisemi kwamba biashara ni jambo baya. Mtu wa Kigoma hawezi kusema hivyo. Pale Kibirizi na Katonga dagaa huanikwa, hupimwa na kuuzwa, na sifa za dagaa wa Kigoma zimefika mbali. Muuzaji anayewaita dagaa wake bidhaa hamkosei mtu, ndivyo walivyo. Lugha ya soko ina adabu yake na mahali pake. Ninachouliza ni hiki: lugha hiyo ikitoka sokoni ikaingia hospitalini, shuleni na sebuleni, inabadili nini?

Tulichukue neno mteja. Zamani, hasa pwani, lilitumika pia kwa mtu aliyekuwa akitibiwa na mganga. Baadaye likashikwa zaidi na wenye maduka, na kampuni za simu zikalifikisha katika kila nyumba. Leo mgonjwa ni mteja, mwanafunzi ni mteja, na mzazi aliyefuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe naye ni mteja.

Wanaolitetea wana hoja. Mkataba wa huduma kwa mteja, ambao ofisi za serikali hujiwekea, humwahidi mwananchi kuhudumiwa kwa heshima na kwa wakati. Anayekumbuka kukaripiwa dirishani hawezi kuudharau. Hata hivyo, neno huja na mizizi yake. Mteja anastahili kwa sababu amelipa au atalipa. Mgonjwa anastahili kwa sababu anaumwa. Mteja asiyeridhika huenda duka la pili. Mwananchi hana serikali ya pili mtaa wa jirani. Na mteja akiishiwa fedha, haachi tu kununua, bali jina lenyewe humtoka.

Mwezi Mei 2015 maelfu ya watu waliokimbia Burundi walijaa Kagunga, kijiji cha mwambao karibu na mpaka, na kipindupindu kikaingia kati yao. Meli ya Liemba ilitumika kuwaleta Kigoma mjini. Watu hao, katika lugha ya masoko, hawakuwa na jina, kwa kuwa wengi wao hawakuwa na cha kununua wala cha kuuza. Katika lugha yetu walikuwa nalo: wageni, wakimbizi, majirani, watu. Na ukishamwita mtu mgeni, jina hilo peke yake linakudai umpe maji na umpishe akae.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa mwambao huu hatupaswi kulisahau. Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya kwenda pwani. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watu pia walipita, wamefungwa, kila mmoja na bei yake. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Sifananishi ofisi ya rasilimali watu na msafara wa watumwa. Kufanya hivyo kungekuwa kuwatukana waliotembezwa njia ile. Nasema tu kwamba, mahali ambapo mtu aliwahi kuhesabiwa kuwa mali, ulimi ungepaswa kusita kidogo kabla ya kumwita binadamu mtaji au bidhaa.

Kiswahili chenyewe kinasita. Kijana na kipofu ni majina yanayoanza kama majina ya vitu, lakini hatusemi kijana kinakuja wala kipofu kinaomba. Twasema anakuja, anaomba. Lugha imemwona mtu hata pale jina linapofanana na la kitu, ikampa haki yake.

Basi dagaa wauzwe kwa maneno yote matamu ya soko. Kijana naye aende kuomba kazi, aseme anachokijua, alichokifanya na anachoweza kufanya. Jambo hilo linaitwa kujieleza. Neno hilo tunalo, na mzazi anaweza kulitamka mbele ya mwanawe bila kuona haya.