Jeli ya Mabegani

Juzi hapa Mbekenyera, tukipalilia ufuta, rafiki yangu alisoma kwenye simu habari za jeli ya wanaume ya kuzuia mimba. Inapakwa mabegani kila siku, imeshajaribiwa hadi Kenya. Akacheka: "Sasa raha tu!"

Nikamkumbuka dada yangu. Miaka yote vidonge na sindano ni vyake peke yake. Shemeji hajawahi hata kuuliza kichwa kinamuumaje.

Vijana wenzangu, Papa Paulo VI katika Humanae Vitae, 1968, alihofia hilo hilo: mwanaume kumgeuza mke chombo cha starehe. Njia ya asili inamtaka mume ajue siku za mkewe, na asubiri.

Jumamosi mimi na mchumba wangu tunaanza mafundisho ya ndoa. Nitamuuliza. Naona aibu jamani, mniombee.