Kauli ya Kweli Yenye Kudanganya

Katika nyumba nyingi za Maskati, Dubai na kwengineko ambazo wazee wake walitoka Unguja, Pemba au Mombasa, hakukosi kisanduku kilichowekwa ndani ya kabati, na ndani yake mna sarafu chache za kale. Baadhi yake ni pesa za shaba za Sayyid Barghash bin Said, zenye picha ya mizani na mwaka wa 1299 Hijria, sawa na 1882 Miladia. Nyengine ni zile reale kubwa za fedha zenye sura ya mwanamke aliyejitanda ushungi, ambazo watu wa Unguja waliziita reale za Sham na watu wa Oman wakaziita qirshi fransi. Bibi alizihifadhi kama ukumbusho wa wazazi wake. Mjukuu huzipiga picha kwa simu, akazitia katika mnada wa intaneti, na kwa dakika chache huwa amekuwa mfanyabiashara, ijapokuwa hajapata kukaa dukani hata siku moja. Tangu saa hiyo hukumu zote za kuuza na kununua zinamhusu, ajue asijue.

Mas-ala inayokusudiwa hapa ni hii: Je, mwenye kuuza ataulizwa juu ya maneno aliyoyatamka tu, au ataulizwa pia juu ya yale aliyomfanya mnunuzi ayafahamu?

Hakuna mfano unaoifunua mas-ala hii vizuri kuliko hiyo hiyo reale ya Sham. Mwanamke aliyechorwa juu yake ni Maria Theresa, aliyetawala Austria na akafariki mwezi wa Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na Uarabuni walikuwa wamekwisha kuizoea sarafu yake, na hawakutaka nyengine. Basi viwanda vya sarafu vikaendelea kuifua kwa sura ile ile na mwaka ule ule wa 1780. Mwaka 1935 Italia ilipewa mihuri ya kuifulia, na Uingereza ikaanza kuifua London mwaka 1936. Paris, Brussels na Bombay nazo zikaifua katika miaka hiyo ya 1930 na 1940. Mwaka 1961 haki ya kuifua ikarejea Austria peke yake, na hadi leo inafuliwa huko Vienna. Kwa hiyo zipo mamia ya mamilioni ya sarafu zilizoandikwa 1780, na zilizofuliwa kweli katika mwaka huo ni chache mno.

Je, sarafu hiyo ni ya uongo? Katika soko la Nizwa, miaka mia iliyopita, haikuwa ya uongo hata kidogo. Muuzaji tende na mnunuzi wake wote wawili waliuona ule mwaka kuwa ni nakshi tu, kama ua lililochorwa juu ya kanzu. Waliloliangalia ni uzito wake, nao ni gramu 28 na kidogo, na fedha yake, nayo ni sehemu 833 katika kila elfu. Waliziangalia lulu za kipini alichokivaa yule mwanamke kama zimetokeza sawasawa, na maandishi ya ukingoni kama yapo. Yote mawili yalikuwa kama walivyotaraji, basi hapakuwa na aliyedanganywa.

Sasa ichukuliwe sarafu hiyo hiyo, ipigwe picha, na chini yake iandikwe: “Reale ya Maria Theresa, 1780, fedha halisi, si bandia.” Kila neno hapo ni la kweli. Mwaka 1780 umeandikwa, fedha ni fedha, na imefuliwa na kiwanda cha dola. Lakini mnunuzi aliyeko Leeds au Toronto, asiyejua habari ya viwanda vile, atafahamu kwamba anapewa sarafu iliyopita mikononi mwa watu kabla ya Sayyid Said bin Sultan kuzaliwa, naye atalipa kwa fahamu hiyo. Muuzaji akiwa anaijua habari yote na akanyamaza, ameujenga uongo kwa matofali ya kweli. Chapa ile ile iliyokuwa amana baina ya wanaoijua imegeuka khiana mbele ya asiyeijua, na hali chuma hakikubadilika wala herufi haikuongezwa.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenyewe akaeleza kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu wakaiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja nao. Na itazamwe vizuri hali ya mtu yule: haikupokewa kuwa alisema nafaka yangu ni kavu. Alichofanya ni kuipanga tu.

Na picha ya mnada ni mpango. Sarafu ina nyuso mbili na ukingo, na aghlabu nyuso mbili ndizo zinazoonyeshwa. Wanaojua mapambo ya Oman wanajua kwamba reale nyingi zilitiwa vishikio na kuvaliwa shingoni. Kishikio kikiondolewa hubakia alama ya lihamu ukingoni, juu ya kichwa cha sura, na maandishi ya pale huwa yamefutika. Maandishi yenyewe ni ya Kilatini, na maana yake ni haki na huruma. Mwenye kuipiga picha sarafu kama hiyo mbele na nyuma, akauacha ukingo, amefanya alichokifanya mwenye nafaka. Hali kadhalika aliyeisugua sarafu kwa dawa ya kung’arishia vyombo, kisha akaipiga picha kwa taa inayoficha mikwaruzo.

Wapo wanaojitetea kwa upande wa daraja. Sarafu za kale hupimwa kwa daraja kwa mujibu wa kuchakaa kwake, na kipimo kinachofuatwa na wengi kinakwenda kutoka 1 hadi 70. Kilibuniwa Marekani na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za shaba za nchi hiyo, kisha kikaenea. Baina ya daraja moja na ya pili pengine bei huongezeka maradufu. Husemwa: daraja ni rai, na rai haina uongo, kwani wajuzi wawili wanaweza kukhitalifiana juu ya sarafu moja. Jawabu hili lina ukweli ndani yake, lakini halimuokoi anayelitumia. Rai ni ushahidi wa mtu juu ya yale anayoyaamini, na mwenye kutoa rai asiyoiamini ni shahidi wa uongo kama mwengine yeyote. Njia ya kumjua ni nyepesi: aangaliwe anaponunua. Sarafu ile ile ikiwa mkononi mwa mwenziwe huiita chakavu, na ikishaingia mkononi mwake huiita safi haikuguswa. Sura ya Al-Mutaffifin imefunguliwa kwa onyo kali kwa watu wa sampuli hiyo, wenye kutimiziwa wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Wengi hudhani aya hizo zinawahusu wenye mizani ya mchele peke yao.

Wengine, nao ni wengi zaidi, hujikinga kwa neno moja: sijui. Huandika, “Mimi si mjuzi wa sarafu, tazama picha uamue mwenyewe, hakuna kurejesha.” Asiyejua kweli hana lawama kwa kusema hajui, bali huo ndio ukweli wake. Lakini kuna kutojua kwa mtu aliyekosa njia, na kuna kutojua kwa mtu aliyefumba macho makusudi. Imepokewa kwamba Abdullah bin Umar alimuuza mtumwa, katika zama zile, kwa sharti la kutodhamini aibu yoyote. Mnunuzi akaja akalalamika kuwa amemkuta na maradhi. Sayyidna Uthman akahukumu Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa na habari ya maradhi hayo. Ibn Umar akakataa kuapa, akakubali kurejeshewa. Basi kila mwenye kuandika “sijui” na ajiulize: lau angetakiwa kuapa, angeapa? Kijana aliyeshuku reale yake, akaweza kuipima kwa dakika tano, akaacha kuipima kwa kuchelea atakalolijua, huyo kiapo kitamkwama kooni.

Na kupima kwenyewe si jambo la shida. Mizani ya sonara inayoonyesha sehemu za gramu inatosha. Reale isipofika gramu 28 kwa upungufu mkubwa ina jambo. Kisha kiwekwe kikombe cha maji juu ya mizani, na sarafu ining’inizwe kwa uzi ndani ya maji bila ya kugusa chini: kwa fedha ya kiwango chake, mizani itaongezeka gramu 2.7 au 2.8, ikiwa ni shaba nyeupe iliyofanyiwa uzito ule ule, itapindukia gramu 3.1. Sumaku haiivuti fedha. Sarafu iliyomiminwa katika kalibu huwa na vipele vidogo, herufi zake huwa laini kama sabuni iliyotumika, na pengine ukingoni panaonekana mstari wa pale kalibu mbili zilipokutana. Iliyo mbaya zaidi ni ile iliyofuliwa kwa muhuri wa kughushi. Hiyo hutambulikana kwa kulinganisha: mkwaruzo mmoja, mahali pamoja, kwa umbo moja, ukionekana juu ya sarafu mbili au tatu zinazouzwa na watu mbalimbali, haukupatikana mfukoni mwa mtu, bali ulikuwemo katika sarafu iliyoigizwa au katika muhuri wenyewe. Lakini yote haya hayaonyeshi umri. Reale ya London ya 1936 itafaulu katika maji kama ya mwaka 1780, na herufi S.F. zilizo chini ya sura, ambazo wauzaji huzitaja kama hoja, zimeigwa juu ya zile za baadaye.

Ama kuongeza bei kwa hila, kwa kumweka ndugu au rafiki atoe bei asiyokusudia kununua, hiyo ni najash iliyokatazwa na Mtume (s.a.w.), na kujificha nyuma ya jina la kubuni hakuibadili hukumu yake.

Mnunuzi naye asijione yuko nje ya maneno haya. Waghushi wameujua ugonjwa wake. Ndiyo maana sarafu ya bandia haiji na sifa kubwa, huja na unyonge: “Nimeikuta katika vitu vya marehemu babu, sijui ni nini.” Maneno hayo hutupwa kama chambo kwa mtu anayetaraji kumpata mjinga akamnunulia kitu cha thamani kwa bei ya karanga. Anayenaswa hapo amenaswa na tamaa yake ya kumpunja mwengine. Jarir bin Abdullah imepokewa kwamba alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300; akamwendea mwenyewe, akamwambia farasi wako ana thamani zaidi ya hiyo, akawa anampandishia mpaka dirhamu 800, kwa kuwa alikwisha kumpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Wanavyuoni hawakuwawajibisha watu wote kufika daraja hiyo. Hata hivyo, anayeilalamikia ghushi aliyofanyiwa na akumbuke alikuwa akitafuta nini usiku ule alipokuwa akiutazama mnada unamalizika.

Limebakia suala lililo zito kuliko yote, kwani humpata mtu mwema. Ameshanunua, ameshalipa, ameshajua kuwa ni bandia, na muuzaji hapatikani. Afanye nini? Nafsi humwambia airejeshe mnadani kwa maneno yale yale aliyoyakuta, apate angalau mali yake. Imam Al-Ghazali, katika Ihya, amelizungumza jambo hili juu ya dirhamu za bandia, naye amenukuu kauli ya waliotangulia kwamba kuitoa dirhamu moja ya bandia ni vibaya kuliko kuiba dirhamu mia. Kwa sababu wizi ni dhambi moja iliyokwisha, na ile bandia hupita mkono kwa mkono, pengine miaka mia baada ya aliyeitoa kufa, na dhambi yake inaendelea kuandikwa. Alichokielekeza ni kuitupa kisimani, mikono isiifikie.

Siku hizi visima vimepungua, lakini maana yake haikupungua. Sarafu hiyo inaweza kukatwa, au kupigwa chapa ya “nakala” waziwazi. Marekani sheria imewawajibisha wenye kutengeneza sarafu za kuigiza kuzitia alama hiyo tangu 1973. Anayetaka kuiweka kwa ajili ya kujifunzia na aiweke, ila asiichanganye na nyengine. Kwani mwenye kukusanya sarafu atakufa, kisanduku kitafunguliwa na warithi, na warithi hawatajua ipi ni ipi. Wataiuza kwa nia safi kama mali ya marehemu, na safari hii maneno ya “vitu vya babu” yatakuwa ya kweli tupu. Basi kila sarafu na iwekewe kikaratasi chake: ilinunuliwa wapi, ina uzito gani, ni ya kweli au ni ya bandia, na kama mwaka wake ni wa nakshi tu. Na kikaratasi hicho kiandikwe kwa lugha wanayoisoma wajukuu, kwani wapo waliokulia Ghuba na Uingereza ambao Kiswahili wanakisikia tu na kukisoma hawawezi.