Mahali pamoja, majina matatu

Mwaka jana, hapa Kajaga, mzee jirani yangu aliniletea bahasha yenye karatasi tatu. Yake ilikuwa kadi ya ubatizo ya 1955: amezaliwa Baudouinville. Ya mdogo wake, kitambulisho cha enzi ya Zaire: amezaliwa Moba. Ya dada yao ilikuwa fomu aliyoijaza mwenyewe: Kirungu. Ofisi moja iliwarudishia faili, ikisema watoto wa nyumba moja hawawezi kuzaliwa miji mitatu.

"Mwanangu," mzee akaniambia, "tulizaliwa fasi moja, nyumba moja. Ni majina njo inabadilikaka."

Mimi ndiye ninayewajazia majirani fomu, basi kazi ikawa yangu. Nikauliza wazee, nikauliza padri, nikatafuta ramani za zamani. Mapadri Weupe walianzisha misheni pale Kirungu mwaka 1893. Wakaipa jina la Baudouin, mtoto wa ndugu yake Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kijana aliyekufa 1891 akiwa na miaka 21 tu, bila kuliona Ziwa Tanganyika hata siku moja. Wakati wa Mobutu majina ya Kibelgiji yakaondolewa: Albertville ikawa Kalemie, Baudouinville ikawa Moba. Lakini Kirungu haikupotea. Mpaka leo jimbo la Kanisa Katoliki kule linaitwa Kalemie-Kirungu.

Kumbe karatasi zote tatu zilisema kweli.

Nikadhani nimemaliza. Nikamshauri mzee tuandike Kirungu kwa wote, jina la kwetu, lile la mkoloni tuliache. Akakataa kabisa. "Mama alinibeba mpaka kwa padri. Niliandikwa mu kitabu ya Baudouinville. Ukifuta ile jina, nani atanipata?"

Nilinyamaza. Nilitaka kumtetea dhidi ya mkoloni, nami nikawa namfanyia kilekile: nashika kalamu, namwambia alizaliwa wapi. Je, anayeandika ana haki gani juu ya kinywa cha anayeulizwa? Najua jina lile liliwekwa bila kuwauliza wenyeji. Lakini ndani yake kuna mama aliyetembea na mtoto mgongoni, na safari ile si mali ya Ubelgiji.

Jambo hili si letu peke yetu. Kule Ireland, karne ya 19, wapimaji wa serikali ya Uingereza waliandika majina ya vijiji kwa tahajia ya Kiingereza. Baadaye, mwaka 1922, vita vilipoteketeza jumba la kumbukumbu Dublin, vitabu vingi vya parokia za kanisa la Kianglikana viliungua humo. Vya Wakatoliki vilisalimika kwa sababu havikupelekwa huko; vilibaki parokiani. Leo wajukuu wa wahamiaji walioko Marekani wanatafuta kijiji cha babu kwa jina lililoandikwa ovyo, na mara nyingi kitabu cha parokia ndicho kinachowaokoa. Nao pia wanahitaji jina jinsi lilivyoandikwa siku ile, hata kama liliandikwa vibaya.

Mwishowe tuliandika hivi kwenye fomu zote tatu: Kirungu, yaani Moba, zamani Baudouinville. Nafasi ya kuandikia haikutosha, tukaambatanisha barua. Faili bado linasubiri jibu.

Kwenu mnaofanya kazi za misaada, ombi langu ni dogo: karatasi zikipingana, kabla ya kusema mtu anadanganya, muulizeni, "Pale zamani paliitwaje?" Nanyi wenzangu wa kambini na wa mjini, kaeni na wazee wenu jioni moja. Andikeni parokia, mto, kilima, chifu wa wakati ule. Msiwasahihishe. Andikeni wanavyotamka, kisha jina la leo mliweke pembeni.

Hapa Kajaga ziwa limepanda, na nyumba kadhaa ziko ndani ya maji. Jirani yangu mmoja amehamia kwa shemeji yake, mbali na ziwa. Juzi nilimsikia akijibu simu: "Niko wa Kajaga." Sikuona uongo wowote.