Koo la Korongo

Watu wanaooanisha kileo na tumbaku, rumu ya Cuba na sigaa ya Cuba, wiski ya Scotland na kiko, hawapendi kuwekwa kapu moja na walevi, na kwa kiasi fulani wana haki. Mlevi hajali kilichomo ndani ya glasi. Hawa hubishana saa nzima iwapo utamu wa rumu iliyokaa kwenye pipa la mwaloni unaupoza ukali wa jani au unaufunika. Wakili wao mkubwa, ingawa hakuwahi kuiona tumbaku, ni Aristotle. Katika kitabu chake cha maadili anasema kwamba kukosa kiasi ni jambo la mguso kuliko ladha: kupambanua ladha ni kazi ya waonja mvinyo na wapishi, na mlafi hana haja nayo. Anamtaja mlafi aliyeomba koo lake liwe refu kuliko la korongo. Hakuomba ulimi mwerevu, aliomba njia ndefu. Kwa mizani hiyo, anayeonja funda moja na kuuacha moshi uzunguke mdomoni si mlafi.

Nakubali, ila hapo limejibiwa swali la kiasi tu. La madhara halijaguswa. Moshi wa sigaa kwa kawaida haushushwi mapafuni. Hukaa kinywani, pale pale kinapopita kileo, na pombe huufanya utando wa kinywa na koo upenyeke kwa urahisi na sumu za moshi. Ndiyo maana hatari ya saratani ya kinywa na koo kwa anayetumia vyote viwili huzidi jumla ya hatari ya kila kimoja peke yake. Zinapokutana ladha ndipo yanapokutana madhara, kwa hiyo huwezi kubakiza sanaa ukatupa sumu yake.

Wapo watakaouliza andiko linalokataza liko wapi. Mwaka 1874, mhubiri Mbaptisti Charles Spurgeon wa London, baada ya mgeni wake Mmarekani kukemea tumbaku katika mimbari yake, alitangaza kwamba usiku huo angevuta sigaa kwa utukufu wa Mungu. Alisema hakutaka kuongezewa amri juu ya zile kumi. Mafakihi wa Kiislamu walikuwa wamelikabili swali hilo mapema zaidi, maana tumbaku ilitoka Amerika karne nyingi baada ya Qur'ani kushuka. Abd al-Ghani al-Nabulsi wa Damascus aliitetea mwaka 1682 kwa kanuni kwamba asili ya vitu ni halali hadi ipatikane hoja ya kuvizuia. Utetezi wake basi ulitegemea kukosekana kwa ushahidi wa madhara ya mwili, ushahidi ambao karne ya 17 haikuwa nao na sisi tunao. Hata kuhusu mvinyo, Surat al-Baqara haikani kwamba una manufaa. Inayakiri, kisha inayaweka kwenye mizani na kuona dhambi yake ni kubwa zaidi.

Pingamizi gumu ni la mara chache: sigaa moja na glasi moja siku ya harusi. Hatari hukua kadiri matumizi yanavyokua, na ya huyo ni ndogo. Sioni sababu ya kumpigia kelele. Lakini kutofautisha pipa na pipa, jani na jani, kunataka kinywa kilichozoeshwa jioni baada ya jioni. Anayejitetea kwa Aristotle kwamba yeye ni fundi wa kuonja hawezi tena kujitetea kwamba anaonja kwa nadra.