SIMAMA INJE YA MLANGO

Masomo: Kumbukumbu la Torati 24:10-13, 2 Wafalme 4:1-7



Mama mmoja mjane wa parokia yetu alimkopesha ndugu mmoja dola 120 ili anunue bidhaa za kuuza sokoni. Ndugu aliahidi kuzirudisha baada ya miezi mitatu. Mwaka ukaisha. Mtoto wa mama akafukuzwa shule ya sekondari kwa kukosa feza. Mama akaniambia: «Baba mchungaji, mimi sina nguvu ya kubishana naye. Uniendee wewe.»

Nilienda mchana, majirani wakiwa wamekaa kiwanjani. Nikapaza sauti, nikataja deni mbele ya watoto wake. Ndugu akakasirika, akafunga mlango. Siku ya Mungu iliyofuata hakuonekana kanisani. Basi deni lilibaki, na kondoo akapotea.

Usiku ule nikafungua sheria ya Musa. Mungu anamkataza mwenye kukopesha asiingie nyumbani mwa mdeni kuchukua rehani. Asimame inje, mdeni mwenyewe amletee. Na kama rehani ni vazi la maskini, alirudishe jua linaposhuka, maskini apate kujifunika. Mungu hakufuta deni, lakini alilinda heshima ya mdeni. Kama mwenye mali anaamriwa kusimama inje, je, mimi niliyetumwa tu?

Nilirudi jioni, peke yangu. Nikabisha, nikangojea. Alipotoka, nilianza kwa kumwomba radhi kwa haya niliyomtia. Naye akaeleza kwamba bidhaa ziliharibika njiani, akaogopa kumwambia mama. Tukaandika katika daftari: dola 10 kila mwezi, mke wake akiwa shahidi. Leo zimebaki dola 40. Lakini mtoto alipoteza mwaka mzima wa masomo. Tusilisahau jambo hilo.

Wapendwa, wewe unayetumwa, feza ya mjane isilale mfukoni mwako hata usiku mmoja. Wala usimwambie mjane: «Samehe tu, mama.» Kusamehe deni ni kwa mwenye mali, si kwa mjumbe. Ni rahisi sana kuwa mwema kwa mali ya mwingine.

Na wewe mwenye deni, usikimbie kanisa. Yule mjane wa siku za Elisha alikuwa karibu kunyang'anywa wana wake wawili kwa sababu ya deni. Mungu akazidisha mafuta yake. Lakini nabii alimwamuru nini? Auze mafuta, alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa yale yanayobaki. Hata muujiza ulipita kwanza kwa mdai! Nawe ukipata kidogo, kipitishe kwanza huko. Ukikosa kabisa, nenda ukaseme. Mdeni anayesema bado ni ndugu.

Bwana atupe mikono safi na ulimi wa upole. Amina.