Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wetu walituachia methali hii: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Twaitamka kwa furaha siku ambayo mkeka umetandikwa na kuku amekwisha chinjwa, kwa maana siku hiyo ni rahisi kumpenda mgeni. Lakini methali haipimwi siku ya karamu. Hupimwa siku ya tauni, mwenyeji anapomtazama mgeni mlangoni na kujiuliza moyoni: Huyu ameniletea nini?

Leo, wapenzi wasomaji, twataka kusema nanyi juu ya mgeni huyo. Twamtaja kila mtu akaaye katika nchi isiyo yake: mwanafunzi, mfanyakazi, mfanyabiashara, mkimbizi, sista au padre aliye mbali na kwao. Maradhi makuu yanapoingia nchini, mtu huyu hutafuta mambo mawili: mlango wa hospitali utakaofunguka, na habari ya kweli atakayoielewa. Akiyakosa, anaumia yeye, na baada yake tunaumia sote.

Huenda mtu akauliza: Mbona mwakumbusha habari za Korona, nayo imekwisha tulia? Twajibu hivi. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya ugonjwa ule imekwisha. Halikutangaza kwamba tauni zimekwisha. Ugonjwa wa Marburg ulibisha hodi mkoani Kagera mwaka 2023, ukarudi tena mwaka 2025. Mwenye busara hulitengeneza paa lake wakati wa kiangazi.

Tukumbuke basi yalivyoanza. Tarehe 23 Januari 2020 mji wa Wuhan, nchini China, ulifungwa. Ndani yake walikuwamo vijana wetu wa Afrika Mashariki waliokwenda kusoma. Walikaa katika mabweni yao mpaka mji ulipofunguliwa tarehe 8 Aprili. Matangazo yalibandikwa kwa Kichina, na si wote waliokisoma vema. Jioni walipiga simu nyumbani, nao wazazi wakawasimulia waliyoyasikia kwa jirani, ambaye naye aliyasikia kwa jirani. Kijana aliyekuwa katikati ya ugonjwa akatiwa hofu na watu waliokuwa maili elfu nyingi mbali nao. Wazazi walikuwa na upendo tele. Habari ya kweli hawakuwa nayo.

Tena wazee walisema: Mgeni ni kuku mweupe. Yaani, kati ya kuku wengi yeye huonekana upesi, naye mwewe humwona kwanza. Mwezi Aprili 2020, katika mji wa Guangzhou, Waafrika wengi walitolewa katika vyumba walivyopanga, na hoteli zikawakataa, hata wengine wakalala nje, ingawa hawakuwa wagonjwa. Mabalozi wa nchi za Afrika walioko Beijing waliandika barua ya kulalamika. Sisi tulisoma habari ile kwa uchungu, na ilistahili uchungu.

Lakini tusiwe wepesi kunyosha kidole. Je, katika miji yetu hapa Afrika Mashariki, wageni hawakuitwa “Korona” njiani, na watoto wetu wakicheka? Je, madereva wa malori, waliotuletea chakula na dawa, hawakukaa siku nyingi mipakani, wakikimbiwa kama wenye ukoma, wengine wakikosa hata mahali pa kunawa? Hatia hii ni ya wengi. Mkristu anayelia kwa ajili ya Guangzhou na kunyamaza juu ya mtaa wake mwenyewe hajaungama bado.

Sasa twende kwenye sehemu ya pili ya methali: mwenyeji apone. Wengine hudhani ni maneno ya adabu tu. Mambo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba ni kweli tupu.

Mwanzoni mwa mwaka ule mji wa Singapore ulisifiwa kwa jinsi ulivyouzuia ugonjwa. Lakini mbali kidogo na macho ya wenyeji waliishi vibarua wageni zaidi ya 300,000, wengi wao kutoka Bangladesh na India, watu waliojenga majumba na barabara za mji ule. Walilala katika mabweni, watu wengi katika chumba kimoja, na vyoo na majiko vilikuwa vya shirika. Mwezi Aprili ugonjwa ulilipuka humo. Mabweni yakafungwa, na mji wenyewe nao ukalazimika kufunga maduka na shule. Serikali ikapeleka waganga na vipimo mabwenini. Watu wa kujitolea wakaandaa maneno ya Kibengali, ili daktari aweze kumwuliza mgonjwa: Waumwa wapi? Tangu lini? Kwa neema ya Mungu na kwa juhudi ya waganga, waliofariki walikuwa wachache sana. Hata hivyo, mwezi Desemba serikali ilitangaza kwamba karibu nusu ya wakazi wa mabweni, watu wapatao 152,000, walikuwa wamepata maambukizo. Mji ulikuwa umelinda vyumba vya mbele, ukasahau chumba cha uani. Ugonjwa haukusahau.

Wengine waliliona jambo hili mapema. Tarehe 30 Machi 2020 Mfalme Salman wa Saudi Arabia aliamuru wagonjwa wote wa Korona watibiwe bure, raia na wageni, hata wageni wasio na vibali halali. Siku zilezile serikali ya Ureno iliamua kwamba wageni walioomba vibali vya kukaa, nao walikuwa wakingoja majibu, wahesabiwe kuwa wakaaji halali kwa muda, wapate kutibiwa. Maamuzi hayo yalikuwa ya huruma, na yalikuwa ya akili pia. Kwa maana asiye na kibali huogopa karani wa hospitali kuliko anavyoogopa homa. Hujificha. Nasi twajua isemavyo methali: Mficha maradhi, kifo humwumbua. Hapo hakiumbuliwi kifua cha mgeni peke yake. Na nyumba aliyojificha huumbuka pamoja naye.

Hata hivyo amri njema haitoshi. Wako mabinti zetu wengi wafanyao kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Kati ya amri ya mfalme na kitanda cha hospitali kuna mlango wa nyumba ya tajiri. Binti aliyenyang’anywa pasipoti, asiyeruhusiwa kutoka wala kushika simu, atajuaje kwamba matibabu ni bure? Sheria ikipita juu ya kichwa cha mtu bila kufika masikioni mwake, kwake yeye ni kama haikutungwa.

Hapo twafika kwenye jambo la habari, nalo ni jambo la Amri ya Nane ya Mungu. Mwezi Februari 2020 mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Daktari Tedros, alionya kwamba pamoja na ugonjwa kulikuwa na mafuriko ya habari za uongo, nazo zasambaa upesi kuliko ugonjwa wenyewe. Haikuwa hofu ya bure. Nchini Iran mwaka ule mamia ya watu walikufa kwa kunywa spiriti yenye sumu, kwa kuwa walisikia kwamba pombe huua Korona. Walitaka kuishi, na neno la uongo likawaua.

Hapa kwetu Tanzania, tangu mwisho wa Aprili 2020 hesabu za wagonjwa hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wenyeji tuliulizana kwa kunong’ona. Mgeni aliyekaa kati yetu alisikia hili kutoka ubalozini kwake, na lile sokoni, na jingine katika simu. Hakujua la kushika. Mwezi Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwaandikia waamini kuwaonya juu ya wimbi jipya la ugonjwa, na kuwasihi wasali na kujikinga pia. Miezi michache iliyofuata tulizika mapadre na masista wengi. Twalikumbusha neno la Maaskofu wetu kwa shukrani, kwa sababu mchungaji anayetaja mbwa-mwitu kwa jina lake hawatishi kondoo. Awatishaye ni yule asemaye hakuna kitu, usiku ukiwa na mlio.

Bwana wetu Yesu Kristu alitufundisha jambo hili zamani. Katika Injili ya Luka Mtakatifu, yule aliyemfunga jeraha mtu aliyepigwa na wanyang’anyi alikuwa nani? Hakuwa kuhani wala Mlawi, alikuwa Msamaria, mtu wa taifa lililodharauliwa. Tuangalie kazi yake. Hakumhurumia tu, akapita. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumbani mwa kulaza wageni, akamwuguza usiku ule, akalipa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi. Alimpa njia, na mlango, na gharama. Ndiyo mambo yaleyale ambayo mgonjwa mgeni huyahitaji leo. Tena, wale wakoma kumi walipotakaswa, aliyerudi kumshukuru Mungu alikuwa mmoja, naye alikuwa mgeni. Na siku ya hukumu, Bwana amekwisha tuambia, tutaulizwa juu ya mgeni na juu ya mgonjwa. Mara nyingi watu hao wawili ni mmoja.

Papa Pius XII, katika waraka wake Exsul Familia wa mwaka 1952, aliionyesha Familia Takatifu ya Nazareti kuwa kielelezo cha kila jamaa iliyokimbilia nchi ya kigeni. Yosefu Mtakatifu aliingia Misri na mke na mtoto mchanga, katika nchi yenye lugha nyingine. Mtoto alipopata homa usiku, Maria alimbishia nani mlango? Injili haikutusimulia. Lakini Mtoto alikua. Basi yawezekana yuko mama wa Kimisri aliyefungua.

Kanisa lamkumbuka pia Mtakatifu Roko. Mapokeo yasimulia kwamba alikuwa mtu wa Montpellier, Ufaransa, akasafiri Italia kama mhujaji wakati wa tauni, akawauguza wagonjwa wasio wa taifa lake. Alipoambukizwa yeye mwenyewe alijitenga msituni. Aliporudi kwao hawakumtambua, wakamtia gerezani wakidhani ni mpelelezi. Mgeni aliyewaponya wenyeji wa nchi nyingine akafa mgeni katika nchi yake mwenyewe. Tusiirudie dhambi ile.

Basi, wapenzi wasomaji, tufanye nini kabla tauni nyingine haijabisha hodi?

Kwanza, baba na mama mlio na mtoto ng’ambo, jueni leo mambo haya: anakaa mtaa gani, hospitali ya karibu ni ipi, ana bima au hana, ubalozi wetu uko wapi, na parokia iliyo karibu naye ni ipi. Msingoje homa ndipo mwulize. Na mkimpigia simu siku za hatari, msimpelekee dawa za uvumi. Mwulizeni kwanza: Waganga wa huko wasemaje?

Pili, kila mtu aweke ulinzi kinywani na kidoleni. Habari ya ugonjwa isiyo na mwenyewe usiipitishe. Uliza: Nani amesema? Lini? Amejuaje? Usipopata jibu, neno na life kwako. Anayetuma uongo kwa nia njema hakusudii kuua. Lakini yule aliyeunywa hazindukani kwa sababu ya nia njema.

Tatu, jumuiya ndogondogo zetu ziwajue wageni walio mtaani. Mkimbizi kutoka Burundi au Kongo, dereva aliyelala njiani, fundi wa kigeni, mwalimu asiyejua Kiswahili: nani atamsindikiza zahanati? Nani atamfasiria maneno ya muuguzi? Mtu mmoja mwenye lugha mbili, siku ya maradhi, ni hazina ya mtaa mzima.

Nne, wauguzi na makarani wa hospitali, hasa hospitali zetu za Kanisa, mpokeeni mgonjwa kwanza, karatasi baadaye. Twajua dawa hununuliwa kwa fedha. Lakini Msamaria alimfunga mtu yule jeraha kwanza, ndipo akazungumza habari za dinari.

Mwezi Juni 2020, ulimwengu ukiwa bado katika hofu, Baba Mtakatifu Fransisko aliongeza maombi matatu katika Litania ya Bikira Maria. Moja lamwita Maria Faraja ya Wahamiaji. Tangu zamani Litania humwita pia Afya ya Wagonjwa. Jioni ya leo, jamaa itakapokusanyika kwa Rozari, tuyasali maombi hayo mawili pamoja, tukiwataja kwa majina watoto wetu walioko ugenini, na wageni walioko kwetu. Kama hatujui jina la hata mgeni mmoja wa mtaa wetu, basi kesho tukalitafute.