Sauti Ndogo na Sikio Linalodaiwa

Swali tunalolileta mbele ya washarika katika insha hii ni hili: neno linapofika kwa mtu, limefikishwa na nini? Ni nguvu ya anayesema, au ni uangalifu wa anayesikia? Na kama vyote viwili vinahitajika, basi mwenye sauti ndogo anatudai nini sisi tulio na masikio?

Sisi tunaohudumu katika bonde la Rufiji, kuanzia Utete hadi vijiji vya delta upande wa Kibiti, tunakutana na swali hili mara kwa mara. Wakristo hapa ni wachache. Majirani zetu wengi ni Waislamu, nao tunazikana, tunakopeshana chumvi na kuvuka mto katika mtumbwi mmoja. Zipo Jumapili ambazo waabuduo wote wanaenea katika mabenchi manne. Ndipo linapotoka shauri kwamba tununue spika kubwa zaidi, ili ijulikane kwamba nasi tupo. Shauri hilo halitoki kwa watu wajinga wala kwa watu wabaya. Hutoka kwa watu wanaolipenda kanisa lao na wanaoogopa lisisahauliwe. Kwa hiyo linastahili jibu la kufikiriwa. Ili kulifikiri, tunaomba tuwaendee watu ambao hatujazoea kuwataja kanisani, yaani wapenzi wa redio za ridhaa.

Hawa ni watu wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu. Serikali huwapa leseni. Hapa kwetu kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na majina ya vituo vya Tanzania huanza na 5H. Hawaruhusiwi kufanya biashara hewani, wala kutuma ujumbe wa mafumbo ili kuficha maana yake. Miongoni mwao wapo waliojiwekea sharti la ajabu. Ingawa sheria inawaruhusu nguvu kubwa zaidi, wao hutuma kwa wati 5 tu wanapotumia nukta na vistari vya Morse, au wati 10 wanaposema kwa mdomo. Kumbukeni kwamba ile balbu ya zamani sebuleni ilikula wati 60. Kwa nguvu isiyotosha kuwasha balbu hiyo vizuri, mtu akiwa na waya uliofungwa juu ya mwembe anaweza kuongea na mtu wa bara jingine.

Inawezekanaje? Sehemu moja ni kazi ya uumbaji. Juu sana angani lipo tabaka ambalo mwanga wa jua umelitia chaji ya umeme. Mawimbi mafupi yakilifikia huinamishwa na kurudi ardhini mbali na yalikotoka, wakati mwingine ng'ambo ya bahari. Hakuna fundi aliyelitengeneza tabaka hilo, na hakuna anayelilipia. Sehemu ya pili ni unyenyekevu wa ujumbe wenyewe. Sauti ya mdomo hutawanya nguvu yake katika upana wa hezi 2,500 au zaidi, lakini nukta na vistari hutosheka na hezi mia moja hivi. Mkulima wa mpunga analijua jambo hili bila kufundishwa: maji yaleyale yakitandazwa shambani hulowanisha tu, yakipita katika mfereji mwembamba husukuma. Ndiyo maana Morse hupenya mahali ambapo maneno ya mdomo yamezama katika kelele.

Lakini sehemu ya tatu ndiyo iliyotufanya tuandike. Wati 5 hazifiki popote kama upande wa pili hakuna mtu aliyenyamaza. Mpokeaji hupunguza upana wa redio yake mpaka abakie na uzi mmoja wa sauti. Hufumba macho, huzuia mkono wake usitume, hutega sikio chini ya mvumo wa radi za mbali, akitafuta mlio unaotokea na kupotea. Akipata herufi mbili za jina, huomba zilizobaki. Tena kuna desturi kwamba hakuna anayeanza kutuma kabla ya kusikiliza na kuuliza kama masafa hayo yana mtu. Ndiyo kusema, katika mawasiliano ya namna hii aliye dhaifu hufanya sehemu yake, na kazi kubwa inayobaki ni ya msikilizaji.

Je, Maandiko hayatufundishi vivyo hivyo? Katika 1 Samweli 3 mtoto aliitwa na Mungu usiku, akadhani ameitwa na kuhani. Aliyemsaidia ni Eli, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, naye hakumpa kipaza sauti bali alimfundisha namna ya kusikiliza. Na katika Marko 10 Bartimayo kipofu aliketi kando ya njia akiita, na umati ukamkemea anyamaze. Tuutazame umati ule vizuri. Haukuwa umati wa maadui wa Yesu; ulikuwa umati wa wafuasi wake, na ndio uliokuwa kelele. Yesu alifanya nini? Alisimama. Msafara mzima ulisimama kwa ajili ya sauti moja ya kando ya njia, na wale waliomnyamazisha wakatumwa wao wenyewe kwenda kumwita.

Hapo tunaanza kuona jibu la shauri la spika. Hatusemi kwamba spika ni dhambi, wala kwamba nguvu ni kitu kiovu. Mwaka 1963 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifungua kituo cha redio mjini Addis Ababa kilichoitwa Sauti ya Injili. Mitambo yake ya mawimbi mafupi ilikuwa na kilowati 100 kila mmoja, mara 20,000 ya zile wati 5. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, na wazee wengi wa makanisa yetu waliokua zama hizo walilishwa na kituo hicho. Tunamshukuru Mungu kwa kazi ile. Hata hivyo, mwezi Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa, na sauti ile kubwa ikazimwa kwa amri moja. Kanisa la Ethiopia halikuzimika. Liliendelea kuishi kwa sala za nyumbani na kwa Neno lililopitishwa kutoka mtu hadi mtu. Somo letu si kwamba mitambo ilikuwa kosa. Ni kwamba imani haikuwa imewekwa ndani ya mitambo. Luther alifundisha huko Heidelberg mwaka 1518 kwamba Mungu hutambuliwa katika mateso na msalaba, si katika fahari tunayoitamani. Kanisa linaloona haya kwa udogo wake lina hatari ya kuuonea haya msalaba.

Mtu mwingine atatupinga kutoka upande wa pili. Atasema: mnasifia udogo kana kwamba kila sauti ndogo ni njema. Pingamizi hilo ni la haki, na historia ya delta yetu wenyewe inalithibitisha. Katika vita vya kwanza vya dunia manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar mwezi Septemba 1914, ilijificha katika matawi ya Rufiji. Waingereza walileta ndege kisiwani Mafia, zilizobeba vifaa dhaifu vya Morse, ili mtazamaji aliye juu aziambie meli risasi zake zinaangukia wapi. Tarehe 6 Julai 1915 meli mbili, Severn na Mersey, zilifyatua mizinga, na mtazamaji akashindwa kutofautisha risasi za ipi ni zipi. Tarehe 11 Julai walirudi wakapokezana, moja ikifyatua wakati nyingine imenyamaza, na Königsberg ikaharibiwa. Siku ile ndege ilipigwa, na mtumaji aliyeitwa Arnold aliendelea kugonga marekebisho huku ndege inaanguka mtoni.

Ujasiri ule hauna shaka. Utaratibu wa kunyamaza kwa zamu nao ulifanya kazi yake. Lakini kilichosikilizwa kwa makini namna ile kilikuwa maelekezo ya kuua, na watu wa nchi hii, ambao vita haikuwa yao, ndio waliotumikishwa baadaye kukokota mizinga iliyoopolewa katika meli ile. Basi udogo wa sauti hauitakasi. Kusikiliza vizuri ni chombo, na chombo hufuata mkono. Ndiyo maana hatuwezi kusema tu kwamba kila sauti ndogo itiiwe. Tunachosema ni kwamba kila sauti ndogo isikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya mnyonge ni kusikiwa hadi mwisho wa maneno yake.

Tena kusikiliza kuna jaribu lake, nalo ni uongo wa upole. Mpenzi wa redio akiunganishwa na mwenzake, humpa ripoti ya tarakimu tatu: kueleweka hadi 5, nguvu hadi 9, na usafi wa mlio hadi 9. Ripoti bora kabisa ni 599. Katika mashindano karibu kila mtu humpa kila mtu 599, halafu baadhi yao humwomba huyohuyo arudie jina lake kwa kuwa halikusikika! Tunacheka, lakini tuangalie mazungumzo yetu mlangoni mwa kanisa. "Hujambo mama?" "Sijambo." "Habari za nyumbani?" "Nzuri tu." Nyumbani hakuna unga, mtoto ana homa, na muulizaji amekwisha kugeukia mwingine. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Katekisimo Ndogo inatutaka pia tumtetee na kumwelezea kwa wema, lakini wema huo haujengwi juu ya taarifa tusiyoisikia. Mwenye wati 5 hafaidiki na 599 ya bure. Akiambiwa kweli kwamba anasikika kwa shida, atasogeza waya wake, naye aliyemsikia atajua kwamba anapaswa kusubiri zaidi.

Kwamba hili ni jambo la uhai na kifo, bahari imeshuhudia. Usiku wa Aprili 1912 meli Titanic ilikuwa na moja ya mitambo ya redio yenye nguvu kuliko meli nyingi za siku zile. Meli Californian haikuwa mbali, lakini mtumishi wake pekee wa redio alikuwa amezima chombo na kulala. Mapema usiku ule alikuwa amejaribu kutoa habari za barafu, akajibiwa na Titanic anyamaze, kwa kuwa walikuwa na shughuli ya kupeleka salamu za abiria. Nguvu ilikuwepo, sikio halikuwepo, kwanza upande mmoja kisha upande wa pili.

Kutokana na misiba ya namna hiyo mabaharia walijifunza sheria moja nzuri. Saa ya ukutani katika chumba cha redio cha meli ilipakwa rangi nyekundu mahali pawili: dakika ya 15 hadi 18, na dakika ya 45 hadi 48. Katika dakika hizo tatu, mara mbili kila saa, masafa ya hezi 500,000 yalinyamaza. Meli kubwa za mizigo, meli za wafalme, meli za kivita, zote ziliacha kutuma zikasikiliza, isije ikawa kuna chombo kidogo mahali fulani kinachozama na betri inayoisha. Utaratibu huo ulidumu hadi mitambo mipya ilipochukua nafasi yake mwaka 1999. Wenye nguvu walijifunga kwa sheria ili dhaifu apate nafasi. Hawakungoja wajisikie huruma. Waliipaka rangi saani.

Hapa ndipo tunapotaka kuwaachia washarika kazi. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalipoingia mashambani na majumbani Rufiji na Kibiti, waliohitaji kusikika zaidi hawakuwa wale wanaojua kuzungumza mikutanoni. Alikuwa mjane ambaye simu yake imezimika, mzee wa kisiwani ambaye mtandao haumfikii, mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza. Katika vikao vya kugawa msaada, katika baraza la wazee wa kanisa, hata ndani ya nyumba zetu, wapo wenye kilowati na wapo wenye wati. Mwenye kilowati hatendi dhambi kwa kuwa nazo. Dhambi inamngoja pale anapokataa kunyamaza.

Basi kila kikao cha usharika na kiwe na dakika tatu zake nyekundu. Kabla ya kufunga shauri, mwenyekiti anyamaze, wasemaji wakubwa wanyamaze, na waitwe kwa majina wale ambao hawajasema. Jumuiya ya nyumba kwa nyumba na ifanye vivyo hivyo kabla ya sala ya mwisho. Na lile shauri la spika lijibiwe hivi: tununue inayotosha wanaoketi ndani wasikie, na fedha iliyobaki iwe nauli ya mwinjilisti kuvuka mto kwenda kukaa na watu na kuwasikiliza. Majirani zetu wanajua kwamba tupo. Watatujua zaidi kama ni kwetu wanakojia siku wanapotaka kusikilizwa, wawe wa dini yetu au wasiwe.

Mungu wetu husikia maombi ambayo hata mwombaji hawezi kuyatamka; Paulo anatuambia katika Warumi 8 kwamba Roho huyachukua yakiwa kuugua tu. Tukisikiwa sisi tukiwa na nguvu kidogo namna hiyo, ni haki gani tuliyo nayo ya kumwambia jirani apaze sauti?